Maziwa ya Jangwani

Msafiri apitaye kaskazini-mashariki mwa Chad, ndani ya Sahara, huenda siku kadhaa asione ila mchanga na majabali. Ghafla hufika Ounianga, akakuta maziwa 18, mengine ya buluu, mengine ya kijani, yenye mitende kandoni. Mandhari hayo yatosha kumsahaulisha taabu ya njia. Lakini linaloshangaza zaidi ni kuwapo kwa maji yenyewe. Mvua ya huko haifiki milimita 2 kwa mwaka, ilhali jua hukausha tabaka la maji lipatalo mita 6.

Siri imo chini ya ardhi. Maelfu ya miaka iliyopita Sahara ilipata mvua nyingi, na maji yake yakahifadhika miambani. Hayo ndiyo yanayochuruzika mpaka leo. Ziwa Yoa ni la chumvi. Huko Ounianga Serir, hata hivyo, matete yaeleayo yamefunika karibu nusu ya maji na kuyakinga na jua, hata maziwa kadhaa yakabaki matamu na yenye samaki. UNESCO iliyatia maziwa hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 2012. Mvua ya leo haiijazi tena akiba hiyo ya kale.