Akiba haiozi, lakini vikorokoro huzaa panya na mbu

Zunguka nyuma ya nyumba nyingi vijijini utakuta tairi bovu la pikipiki, ndoo iliyotoboka, magunia yaliyotafunwa, baiskeli isiyo na gurudumu na makopo ya dawa ya shambani. Ukiuliza kwa nini havijatupwa, jibu ni lilelile: "Vitakuja kufaa."

Jibu hilo lina maana. Duka liko mbali, fedha ni ngumu, na kipande cha waya cha zamani huweza kufunga mlango wa banda la kuku. Wazee walisema akiba haiozi. Lakini akiba ni kitu kilichotunzwa ili kitumike. Kitu kinachonyeshewa nje mwaka mzima, au kilicholundikwa kwenye kona ya ghala bila kuguswa, si akiba tena. Kina gharama, ingawa hakuna anayekuja kutudai. Hapa tunaeleza gharama hiyo na namna ya kuipunguza.

Mbu katika tairi na makopo

Mbu anayeeneza homa ya dengue na chikungunya anaitwa Aedes. Ni mweusi mwenye mistari meupe miguuni. Hahitaji bwawa, maji kidogo ndani ya tairi, kopo au kifuu cha nazi yanamtosha. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri mvua. Yakipata maji, na hali ya hewa ikiwa ya joto, mbu wapya huruka baada ya siku 7 hadi 10 hivi.

Mbu huyu huuma zaidi mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitukingi naye. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019. Kumwaga maji tu hakutoshi. Chombo unachokihitaji kisuguliwe ndani, kisha kifunikwe au kilazwe kifudifudi. Usichokihitaji kiondoke. Chandarua tuendelee kukitumia, kwa sababu mbu wa malaria huzaliana zaidi kwenye madimbwi na huuma usiku.

Panya, na wanaomfuata panya

Panya hubeba mimba kwa wiki tatu tu na huzaa watoto wengi kwa mara moja. Anachohitaji ni chakula na mahali pa kujificha. Chakula kipo: mahindi, maharage, mtama. Magunia matupu, nguo kuukuu na mabati yaliyolundikwa karibu na ghala humpa maficho. Mkulima anaweza kununua sumu kila msimu, lakini rundo likibaki palepale, panya wengine watahamia.

Hasara haiishii kwenye nafaka. Nyoka huingia nyumbani wakimfuata panya, na Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Panya pia hubeba viroboto. Katika wilaya ya Lushoto, Tanzania, ugonjwa wa tauni uliripotiwa kuanzia mwaka 1980 na ukarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Viroboto wa panya ndio wanaoueneza.

Makopo ya dawa na chupa za soda

Kopo la dawa ya kuua wadudu ni imara na lina mfuniko mzuri, ndiyo maana wengi huona uchungu kulitupa. Lakini sumu hubaki kwenye plastiki hata baada ya kuoshwa. Lisiwekewe maji ya kunywa, mafuta ya kula, maziwa wala chumvi. Dawa ikiisha, lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyamimine ndani ya bomba la kupulizia na kuyanyunyiza shambani, kisha litoboe ili mtu asilitumie tena. Usilichome moto, kwa maana moshi wake ni sumu. Muulize afisa ugani au muuza pembejeo kama yanakusanywa katika eneo lako.

Chupa za soda zilizohifadhiwa huishia kuwekewa mafuta ya taa, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Jinsi ya kupunguza

Usianze na nyumba nzima. Chagua sehemu moja, kama kona ya ghala au nyuma ya jiko, na uifanyie kazi asubuhi moja. Vaa viatu vilivyofunika mguu. Geuza rundo kwa fimbo au jembe kabla ya kutia mkono, na nyunyiza maji kidogo ili vumbi lenye kinyesi cha panya lisipande puani. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Ukiumwa na nyoka usichanje wala kunyonya jeraha, na usifunge kamba ya kubana. Tuliza mguu au mkono ulioumwa na uwahi kituo cha afya.

Kwa kila kitu jiulize maswali matatu. Je, kinafanya kazi leo? Nimekitumia tangu mavuno yaliyopita? Kama kinafaa, mbona kiko nje kwenye mvua? Kisha gawa mafungu matatu:

- Cha kubaki: kisafishwe na kiwekwe pakavu, juu ya kichanja. Magunia ya nafaka nayo yakae juu ya kichanja, mbali na ukuta, mtu aweze kupita nyuma yake.
- Cha kutoka: vyuma vina wanunuzi wa vyuma chakavu. Nguo nzima au sufuria ya ziada inaweza kumfaa jirani anayeanza maisha.
- Cha kutupwa: vitambaa vya pamba vilivyooza na masalia ya mazao viende kwenye shimo la mboji. Tairi lisilo na mnunuzi litobolewe ili lisituamishe maji, au lijazwe udongo na kupandwa mboga za mapambo au maua.

Usitupe cha mwenzako bila kumuuliza. Panga la marehemu babu halikati tena, lakini kwa bibi ni kumbukumbu. Lifutwe vumbi na litundikwe ukutani, hapo halitamficha panya.

Ukimaliza, kagua mara moja kwa wiki wakati wa mvua. Dakika kumi zinatosha, na watoto wanaweza kusaidia kutafuta vyombo vyenye maji. Kinachobaki baada ya hapo ndicho akiba: unajua kilipo, ni kizima, na siku ya shida utakikuta kinafanya kazi.