Mhariri wa Video Naye ni Fundi

Ndugu wafanyakazi wa Onduparaka, Arua na Koboko wanawafahamu vijana wanaobeba kamera harusini, mazishini na uwanjani. Hao huonekana na kila mtu. Mwenzao anayebaki katika chumba chenye joto, macho kwenye kompyuta hadi usiku wa manane, haonekani, na ujira wake huhesabiwa mwisho, kana kwamba kazi yake ni kubonyeza tu. Ukurasa huu leo ni wake.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Kipande cha picha kilichopigwa bila kukatika huitwa klipu. Programu ya kuhariri humwezesha fundi kuzipanga klipu moja baada ya nyingine, na pia kuzilaza moja juu ya nyingine katika matabaka, ambayo mafundi wengi huyaita leya. Aliyewahi kusimama mbele ya rundo la vitenge vya Kongo sokoni Arua ataelewa mara moja: kitenge cha juu huficha cha chini. Ili cha chini kionekane, hapana budi cha juu kikunjwe, kitobolewe au kiwe chepesi kama shela ya bibi arusi. Sauti hazina tabia hiyo. Zote husikika pamoja, na fundi asipozipima, ngoma itammeza mhubiri.

Chukua mechi ya Onduparaka FC, timu iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, katika uwanja wa Greenlight. Tabaka la chini ni picha ya kamera kuu. Juu yake inakaa kamera ya nyuma ya goli, inayoingia kwa sekunde chache bao linapofungwa. Juu tena yako majina ya wachezaji na hesabu ya mabao. Sauti nazo zina matabaka yake: kelele za mashabiki mbali, mtangazaji mbali. Zikiachwa hivyo, mtangazaji wa Kilugbara anaweza kuondolewa na wa Kiswahili akawekwa, mashabiki wakaendelea kushangilia vilevile. Kwa fundi wa Koboko, ambako harusi moja huweza kukusanya jamaa wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, jambo hili ni riziki.

Sasa tuje kwenye lile ambalo wenye studio wengi hawalijui, au wanalijua na kulinyamazia. Klipu unayoiona kwenye programu si picha yenyewe. Ni maagizo tu: nenda kwenye faili fulani, anzia hapa, ishia pale. Zamani mhariri alikata ukanda wa filamu kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Leo anakata mara mia na picha ya asili haiguswi. Lakini ikifutwa hiyo picha ya asili, maagizo yanabaki kama hati ya shamba lililokwisha kuchukuliwa na mto. Na filamu ikishatolewa kamili, matabaka yote yamekuwa kitu kimoja. Huwezi kuutenganisha unga na maji baada ya kusonga ugali.

Ushahidi uko hapahapa Uganda. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya “Who Killed Captain Alex?” mwaka 2010, akiweka miali ya bunduki na milipuko kwa matabaka juu ya picha za vijana wa mtaani. Kompyuta ilijaa, akalazimika kuifuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Dunia nzima ikaja kuipenda filamu hiyo, lakini nakala iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Sauti hiyo inachekesha kweli, na wengi hawangependa kuiona bila yeye. Hata hivyo, haiwezi kuondolewa tena.

Kilichokosekana pale ni nafasi ya diski. Kwetu West Nile ongeza na umeme. Kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa nje ya gridi ya taifa, na hata bwawa la Nyagak, lililoanza kazi mwaka 2012, lina megawati 3.5 tu. Umeme ukikatika kabla fundi hajahifadhi kazi, saa zake zimepotea, na hakuna anayemlipa saa hizo.

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema kwamba kazi iliyotungwa na mwajiriwa, au kwa kuagizwa, haki yake ni ya mwajiri au mwagizaji, isipokuwa mkataba umesema vingine. Kwa hiyo asiye na mkataba hana la kudai juu ya klipu wala matabaka. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12. Hapo ndipo pa kubana. Yaandikwe humo: klipu za asili zitatunzwa kwa muda gani, mteja ataruhusiwa marekebisho mangapi kabla ya kulipa upya, na kwamba saa zilizopotea kwa kukatika umeme ni saa za kazi. Diski ya pili na betri ya akiba ni vyombo vya studio. Visikatwe kwenye mshahara wa fundi.