KURA MOJA SI HABA

Wako ndugu zetu ambao siku ya uchaguzi ifikapo husema, "Kura yangu moja itafaa nini?" Sisi twapenda kuwajibu, kwani asemaye hivyo amesahau alikotoka.

Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, chini ya utawala wa Mwingereza, kura haikuwa haki ya kila mtu. Mpiga kura alitakiwa awe ametimiza miaka 21, tena awe ama amesoma hadi darasa la nane, ama ana pato la paundi 150 kwa mwaka, ama ana cheo kilichokubaliwa na sheria. Hata aliyeyatimiza hayo alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ilikubali kuingia katika uchaguzi juu ya masharti hayo machungu, na ikashinda.

Leo masharti ya mali na elimu ya mpiga kura hayapo. Raia aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha ana kura iliyo sawa na ya tajiri. Bara huchagua Rais, Mbunge na Diwani; Zanzibar huongeza Rais wa Zanzibar na Mwakilishi. Tena viti maalum vya wanawake hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Basi hata kura ya aliyeshindwa yaweza kuzaa matunda.

Mshindi ni yule aliyewapita wenzake, hata asipofikisha nusu. Tuseme wapiga kura ni 100: wa kwanza apate 40, wa pili 35, wa tatu 25. Wa kwanza ameshinda, ingawa 60 hawakumchagua. Lakini sita tu kati ya watu wake wakibaki nyumbani, kiti kimekwenda kwa wa pili. Je, kura moja ni haba?

Liko na jambo zito zaidi. Ushindi wa Mbunge waweza kupingwa katika Mahakama Kuu. Wa Rais, Tume ikisha kuutangaza, Katiba katika ibara ya 41 hairuhusu mahakama yo yote kuuchunguza. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba katazo hilo lavunja haki. Wananchi wana wajibu wa kulijadili.

Lakini maadamu mlango huo umefungwa, kosa la kituoni halina pa kusahihishwa baadaye. Kwa hiyo msimamizi ahesabu kwa haki, wakala asilale, na mwananchi ahakikishe jina lake limo daftarini mapema. Kura ni amana. Anayeitupa asimlaumu aliyeiokota.