Bega la Kulilia

Pengine unasoma haya ukiwa umetoka ibadani, au unanyoosha nguo ili uwahi ibada ya pili. Leo naomba tuanzie mahali ambapo hukutarajia: Wimbledon, jijini London, kwenye mashindano ya tenisi.

Kila mwaka wanawake 128 huanza kuwania ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja pale. Ukipoteza mechi moja tu, unafungasha mizigo. Baada ya wiki mbili na raundi saba anabaki mmoja, naye hukabidhiwa sahani ya fedha. Piga hesabu: 127 wamerudi kwao wakiwa wameshindwa. Hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mbio za uwanjani, aliliona hilo: wakimbiaji ni wengi, mwenye tuzo ni mmoja (1 Wakorintho 9:24).

Tarehe 3 Julai 1993 ilichezwa fainali ambayo wapenzi wa tenisi hawajaisahau. Jana Novotná wa Jamhuri ya Czech, mwenye miaka 24, alikutana na bingwa mtetezi, Steffi Graf wa Ujerumani. Graf alichukua seti ya kwanza 7-6. Jana akajibu kwa 6-1. Katika seti ya tatu Jana akaongoza 4-1, akabakiza pointi moja tu kufikisha gemu ya tano. Akaanzisha mpira, ukakosea. Akarudia, ukakosea tena. Kuanzia hapo mkono ukawa mzito. Graf akashinda gemu tano mfululizo, na seti ikaisha 6-4.

Ukafika wakati wa zawadi. Mgawaji alikuwa Duchess of Kent, wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Miaka ile wachezaji walipaswa kuinama kwa heshima mbele ya jukwaa la wakubwa hao. Jana alijikaza atabasamu, akashindwa. Machozi yakamtoka mbele ya uwanja mzima na kamera za dunia. Yule mama akaweka itifaki kando, akamvuta karibu, na Jana akalia begani pake. Akamwambia asihofu, kwamba ipo siku atashinda.

Ndugu yangu, nataka tulitazame bega lile, kwa sababu nadhani ndilo linalopungua makanisani mwetu.

Sisi ni hodari wa kupokea washindi. Mtoto akifaulu, tunatoa sadaka ya shukrani. Akiolewa, kamati inaundwa wiki hiyo hiyo. Akipata kazi, anasimama mbele kushuhudia nasi tunapiga vigelegele. Ni vyema. Lakini yule ambaye mtoto wake amepata sifuri, ambaye uchumba umevunjika kadi zikiwa zimeshagawiwa, ambaye mimba imetoka kwa mara ya tatu, anakaa benchi gani Jumapili? Mara nyingi anakaa la nyuma, na anatoka kabla ya matangazo ili asiulizwe.

Nami nina la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita duka la rafiki yangu lilifilisika. Siku moja nikamwona ng'ambo ya barabara. Sikujua nimwambie nini, nikaweka simu sikioni nikajifanya naongea. Najua aliniona. Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Kabla turubai halijafungwa vizuri, nani aliingia uani? Ni yeye. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando yangu, na kwa muda mrefu hakusema neno. Sijasahau ukimya ule. Ulikuwa rehema, tena ulikuwa hukumu.

Marafiki wa Ayubu nao walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba bila kusema kitu (Ayubu 2:13). Makosa yao yalianza walipofungua midomo kumweleza alikokosea. Aliyeanguka hahitaji kuelezwa kosa lake saa ile ile. Jana aliujua mpira wake kuliko sisi sote.

Utaniuliza: je, yule mama alitabiri sawasawa? Mwaka 1997 Jana alifika tena fainali, akashinda seti ya kwanza, kisha akafungwa na Martina Hingis. Mwaka 1998, akiwa na miaka 29, alimshinda Nathalie Tauziat wa Ufaransa 6-4, 7-6. Aliyemkabidhi sahani alikuwa mama yule yule.

Ni mwisho mtamu, lakini tusiharakishe kuufanya ndiyo somo. Wapo wanaolia leo ambao hawatashika sahani kamwe. Kama Jana angeshindwa hata mara ya tatu, bega la mwaka 1993 lingekuwa limekosea? Hasha. Hatumfariji mtu kama mkopo, tukisubiri ushindi wake uje kutulipa. Jana alifariki kwa saratani mwaka 2017, akiwa na miaka 49, na habari za kifo chake zilipotoka, wengi waliikumbuka picha ya kilio kile sawa na ya ushindi wake.

Mkumbuke pia Petro. Alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Kule ufukweni, Yesu mfufuka hakuanza kwa kumhoji. Aliwasha moto, akaandaa samaki na mkate, akawaita wale kwanza. Maswali yalikuja baada ya kifungua kinywa (Yohana 21). Ndiyo maana Paulo anatuagiza tuwe na furaha pamoja na wenye furaha, na machozi pamoja na wenye machozi (Warumi 12:15). Agizo la kwanza tumelishika. La pili tunalikwepa tukiwa na simu sikioni.

Basi leo baada ya ibada, usikimbilie gari. Mtafute mmoja wa lile benchi la nyuma. Usimpe hotuba wala ushauri. Msalimie kwa jina lake, uketi naye kidogo. Na kama wewe ndiwe unayelia, usitoke kabla ya matangazo. Kristo hakuona aibu kulia hadharani kwenye kaburi la Lazaro. Hataona aibu kukaa kando yako.

Jumapili njema.