Leseni ya kwanza ya muuguzi: nyumbani au ng'ambo?

Familia nyingi za Mbinga husomesha watoto kwa fedha ya kahawa. Binti wa Ruanda, kata ambamo makaa ya mawe ya Ngaka huchimbwa, anapohitimu diploma ya uuguzi, furaha ya nyumba huwa kubwa, na haichukui muda swali huingia barazani. Mjomba aliyeko Dar es Salaam ashauri Ghuba, ambako mshahara ni mnono. Shangazi aliyeolewa Unguja ataka binti aende kwake. Baba amtaka abaki karibu. Je, leseni ya kwanza aitafute wapi?

Ndugu msomaji, kabla ya kujibu hapana budi kufahamu jambo moja. Leseni ya uuguzi haimfuati mtu kila aendako kama pasipoti. Kila nchi ina chombo chake, na leseni hutoa ruhusa ya kuhudumu ndani ya mipaka ya chombo hicho tu. Tanzania Bara, kazi hiyo ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2010. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina baraza lake. Kwa hiyo hata safari fupi ya boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja humhamisha muuguzi kutoka mamlaka moja hadi nyingine. Anayetaka kufanya kazi Nairobi naye ataomba kwa baraza la Kenya.

Wazazi wengi hudhani cheti cha chuo ndicho ruhusa ya kazi. Sivyo. Cheti hushuhudia kwamba mtu amesoma. Usajili humwingiza katika daftari la wanataaluma, na leseni humruhusu kumgusa mgonjwa. Leseni hiyo huhuishwa kila baada ya muda uliowekwa. Baraza la Bara huwapima wahitimu kwa mtihani wa usajili na leseni, basi vitabu visifungwe siku ya mahafali.

Tuitazame sasa Ghuba. Saudi Arabia ina Tume ya Taaluma za Afya, ambayo humpanga mwenye shahada daraja la juu kuliko mwenye diploma, na huyu wa pili humhesabu kuwa fundi wa uuguzi. Vyeti vyote huhakikiwa kwa kuulizwa chuo na baraza vilikotoka, kisha hufuata mtihani. Falme za Kiarabu zina mamlaka zaidi ya moja: Dubai ina yake na Abu Dhabi ina yake. Uingereza humpima mgeni Kiingereza, kisha mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo. Aidha, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Waajiri wa nje hawatakiwi kuja kuwawinda wauguzi wake, ingawa mtu binafsi hazuiliwi kuomba mwenyewe. Wakala anayekuja kijijini na kudai fedha mapema astahili kuulizwa maswali mengi.

Tukiyakusanya hayo, jibu hujitokeza. Karibu kila mlango wa nje huuliza kwanza: umesajiliwa wapi ulikosoma, na umefanya kazi muda gani? Aliyesoma Bara na kuiruka leseni ya Bara hujikuta hana barua ya baraza wala uzoefu. Basi aanze nyumbani. Uzoefu hauko mbali: ipo hospitali ya Litembo milimani, ya Liuli ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na ya Peramiho upande wa Songea. Baada ya hapo, akitaka Unguja au Riyadh, ataomba akiwa na kitu mkononi.

Lipo dogo linalowaangusha wengi, nalo ni jina. Binti aliyeandikwa kwa jina moja katika cheti cha kuzaliwa, jingine katika cheti cha kidato cha nne, na la mume katika pasipoti, hukwama kwenye uhakiki. Wazazi walisawazishe mapema.

Wapo wanaoona uuguzi ni kazi ya kumtoa binti katika heshima. Hao wamkumbuke Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewauguza majeruhi wa Vita vya Khandaq hemani mwake Madina, Saad bin Muadh akiwa miongoni mwao. Watu wa Madina walimjua Rufaida kwa sura na kwa amana yake. Mgonjwa wa leo hamjui anayemchoma sindano, na leseni ndiyo inayomwambia kwamba mkono huu umepimwa.

Basi familia ikae, ishauriane, na binti mwenyewe asikilizwe, kwani jina litakaloandikwa katika daftari ni lake.