Kuhamisha Masomo Bila Hasara

Katika jimbo la California, Marekani, kijana asiye na fedha nyingi aweza kuanza sayansi ya kompyuta katika chuo cha jamii, ambako karo ni nafuu, kisha akahamia chuo kikuu. Masomo hupimwa kwa krediti: shahada katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California huhitaji krediti 120 kwa kawaida, na kijana huyo huhama akiwa na 60.

Lakini krediti kupokelewa si sawa na kuhesabiwa katika fani. Somo laweza kukubaliwa kama la hiari tu, ilhali fani ya kompyuta yadai kalkulasi, uandishi wa programu na miundo ya data. Aliyeyakosa hayo huongezewa muda, na kila muhula wa ziada ni karo, kodi ya chumba na chakula.

Hivyo yafaa achague vyuo viwili au vitatu tangu muhula wa kwanza, alinganishe madai yao na masomo anayoyasoma. Makubaliano ya vyuo vya umma vya jimbo hilo yamewekwa wazi katika intaneti, mahali paitwapo ASSIST. Tena, sheria ya mwaka 2010 ilianzisha shahada ndogo ya kuhamia. Mwenye nayo huhakikishiwa nafasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo, ingawa si lazima katika kampasi aipendayo.

Na atunze mihtasari ya kila somo. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisivuje.