Kujifanya, Kujitia na Kujidai

Ukiabiri matatu kutoka Thika hadi Ruiru jioni, wanafunzi wanaporejea nyumbani, hutakosa kumsikia mmoja akimkanya mwenzake: "Wacha ku-pretend!" Ukimwuliza kwa nini amekopa kitenzi hicho cha Kiingereza, aghalabu atakujibu kwamba Kiswahili hakina neno lake. Dai hilo halina mashiko.

Kiswahili kina maneno kadhaa, na kila moja lina mahali pake. Avaaye sare asiyostahiki ili awatoze madereva hongo anajifanya askari. Amwonaye jirani akionewa, akageuza uso, anajitia hamnazo. Asemaye kichwa kinamwuma siku ya mtihani, ilhali yu mzima, anajisingizia ugonjwa. Naye akihukumuye kitabu asichokisoma anajidai mjuzi. Lakini watoto wachezao mchezo wa baba na mama hawamlaghai yeyote, hao wanaigiza. Yote haya Kiingereza huweza kuyabeba kwa kitenzi kimoja.

Kitenzi kujidai kinastahili kuangaliwa zaidi, kwani shina lake ni dai. Neno la Kiingereza nalo lina asili ya Kilatini, lenye maana ya kunyosha kitu mbele, na zamani liliweza kumaanisha kudai tu, bila shutuma ya uongo. Ndiyo maana James Francis Edward Stuart (1688–1766), aliyedai kiti cha ufalme wa Uingereza, aliitwa "Pretender", yaani mdai. Lugha mbili zisizo na udugu zimepita njia moja: kutoka dai hadi udanganyifu.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Mwalimu anayeandika kwamba mwanafunzi "anasema ni mgonjwa" ametoa habari. Akiandika "anadai ni mgonjwa", ametia shaka. Akiandika "anajifanya mgonjwa", amekwisha kutoa hukumu, na huenda mtoto mwenye homa kali akarudishwa darasani badala ya kupelekwa zahanati. Hakuna kipimo kilichofanywa. Kilichobadilika ni kitenzi tu.

Basi ninawasihi walimu wenzangu wa Thika, Ruiru na kwingineko wawape wanafunzi zoezi la kutunga sentensi kwa vitenzi hivi, kisha waeleze ni nani anayeshutumiwa katika kila sentensi, na kwa ushahidi gani. Zoezi hilo litawafaa hata nje ya chumba cha mtihani.